Q4OS 5 au Q4OS 6: ubaki, upandishe palepale, au ufute uanze upya?

Mama mmoja mwenye duka la fotokopi na saisi (kuwaandikia watu kwa kompyuta), jirani na chuo kikuu hapa Lubumbashi, aliniita nimtazamie kompyuta zake nne. Zote zina Q4OS 5, mfumo endeshi wa Linux, yenye dawati la Trinity: menyu chini kushoto, saa chini kulia, madirisha yenye sura ya Windows XP ambayo wengi wetu tulijifunzia kuandika. Nikafungua laptop yangu yenye Q4OS 6, nikaiweka kando ya moja ya zake. Akatazama huku, akatazama kule, akacheka. «Papa, iko tu sawa na ya zamani! Sasa nikulipe ya nini?»

Alikuwa na haki ya kuuliza. Trinity ilizaliwa ili isibadilike. KDE 3.5, dawati la Linux ambalo Trinity imetokana nalo, ilitoka mwaka 2005. Waliokuwa wakiitengeneza walipohamia KDE 4 mwaka 2008, wapo watumiaji waliokataa kufuata, na tangu 2010 mradi wa Trinity umeendelea kuitunza ile ya zamani. Kinachobadilika kati ya toleo na toleo kiko chini ya sakafu. Q4OS 5, iitwayo Aquarius, imesimama juu ya Debian 12 (Debian ndiyo Linux ya msingi ambayo Q4OS hujengwa juu yake) ya Juni 2023. Q4OS 6, Andromeda, imesimama juu ya Debian 13 ya Agosti 2025. Kiini cha Linux kimetoka 6.1 kwenda 6.12, na LibreOffice imetoka 7.4 kwenda 25.2. Mtu anayeandika TFC za wanafunzi (kazi zao za kumaliza masomo) kutwa nzima ataona tofauti ya LibreOffice siku atakapoletewa faili la Word lenye majedwali yaliyopinda. Tofauti ya kiini hataiona kamwe, labda awe na kompyuta mpya yenye kadi ya Wi-Fi ambayo toleo la zamani haliitambui.

Kwa hiyo sura nimeiondoa kwenye mizani, maana ni ileile kotekote. Njia za kuchagua ni tatu: kubaki kwenye 5, kupandisha palepale bila kufuta kitu, au kufuta diski na kusakinisha 6 upya. Anayetaka kurudi kwenye XP yenyewe nimjibu hapa tuachane: Microsoft iliacha kuitengenezea viraka vya usalama tarehe 8 Aprili 2014. Na Windows 11 inadai RAM ya gigabaiti 4 na chipu ya usalama ya TPM 2.0, vitu ambavyo mashine ninazozizungumzia hazikuwahi kuviota.

Vipimo vinne

Cha kwanza ni prosesa, na hiki ndicho kinachokata maneno mapema. Debian 13 imeacha kuuhudumia mfumo wa biti 32, ule wa prosesa za zamani, kama ilivyokuwa: haina kiini chake wala kisakinishi chake. Maelezo ya toleo yenyewe yanawaambia wenye mfumo wa biti 32 wasipande. Wasakinishe upya mfumo wa biti 64 kama prosesa inaruhusu, au waipumzishe mashine.

Sasa angalia mtego. Andika `uname -m` kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri). Ikijibu `x86_64`, uko salama. Ikijibu `i686`, usikate tamaa bado, maana amri hiyo inakuambia mfumo uliosakinishwa ni upi, haikuambii prosesa inaweza nini. Andika `lscpu` utafute mstari wa «op-mode». Ukikuta 32-bit na 64-bit zote mbili, basi prosesa ni ya biti 64 na aliyekusakinishia aliweka 32 kwa mazoea tu. Nimekuta hivyo mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Fundi alikuwa na flashi moja mfukoni, ya biti 32, akaitumia kila mahali kwa sababu haikumwangusha popote.

Kwenye kompyuta za mtumba zinazouzwa mjini, stika inaweza kukudanganya kwa tarakimu moja. Intel Core Duo ya mwaka 2006 ni ya biti 32. Core 2 Duo iliyoifuata ni ya biti 64. Ndani ya ThinkPad T60 unaweza kukuta yoyote kati ya hizo mbili. Vile vilaptop vidogo vyenye prosesa ya Atom N270 ni vya biti 32, na hapo hakuna dawa.

Kipimo cha pili ni umeme na mega, yaani data ya intaneti tunayonunua. Kuna wanaoishi mahali ambapo mtu hupandisha toleo huku akinywa kahawa. Sisi tunapandisha huku sikio likisikiliza kama friji ya jirani imenyamaza.

Cha tatu ni kazi na printa: ukimaliza, je, kesho saa mbili asubuhi duka litafunguka? Cha nne ni muda uliobaki, yaani toleo hilo litaendelea kupata viraka vya usalama hadi lini.

Njia ya kwanza: kubaki kwenye Q4OS 5

*Prosesa.* Inakubali biti 32 na 64. Kwa Trinity, Q4OS wanataja kima cha chini cha megahezi 350, RAM ya megabaiti 256 na diski ya gigabaiti 3. Hiyo ni ya kuwasha na kuona dawati. Ukifungua kivinjari cha leo chenye kurasa tatu, RAM ya megabaiti 256 itakuonyesha maana ya subira. Mimi chini ya gigabaiti 1 siahidi mtu chochote kinachohusu intaneti.

*Umeme na mega.* Viraka vya kawaida tu, vidogo vidogo. Umeme ukikatika, hasara ni ndogo.

*Kazi na printa.* Hakuna kinachoguswa. Printa iliyokuwa ikichapa jana itachapa kesho. Mwenye duka anailipia bei kubwa faida hii bila kujua, na mafundi wengi huidharau kwa sababu si wao wanaosimama mbele ya wanafunzi ishirini siku ya mwisho ya kukabidhi kazi.

*Muda uliobaki.* Usaidizi wa kawaida wa Debian 12 ulipangwa kufika Juni 2026. Baada ya hapo timu ya usaidizi wa muda mrefu inashika hadi tarehe 30 Juni 2028. Lakini kwa wa biti 32 kivinjari kinaweza kutangulia kufa kabla ya mfumo. Google Chrome iliacha Linux ya biti 32 tangu 2016. Mozilla nayo imesema Firefox 144 ndiyo ya mwisho kwa biti 32, na kwamba ESR 140, toleo lake la usaidizi mrefu, litapata viraka hadi angalau Septemba 2026. Kompyuta ya kuandika na kuchapa tu haitajali. Ya kuingilia barua pepe na akaunti za pesa itajali sana. Wala usiseme utatumia Konqueror ya Trinity: kwa kufungulia mafaili ni nzuri, kwa tovuti za leo imezeeka.

*Inamfaa nani.* Mwenye prosesa ya biti 32 halisi. Mwenye kazi isiyoweza kusimama wiki hii. Pia mwenye mashine ambayo haiingii intaneti kabisa.

Njia ya pili: kupandisha palepale

*Prosesa.* Mfumo uliosakinishwa lazima uwe wa biti 64 tayari. Prosesa ya biti 64 yenye mfumo wa biti 32 ndani yake haipiti hapa. Kuna ujanja wa kubadilisha mfumo wa 32 kuwa wa 64 bila kusakinisha upya. Naufahamu, na simfanyii mteja.

Halafu hatua hupandwa moja moja. Ukiwa bado kwenye Q4OS 4, iliyo juu ya Debian 11, pita kwanza kwenye 5. Debian haikubali kuruka daraja.

*Umeme na mega.* Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wa mjini kwetu wanapoumia, na mimi nimo.

Kupandisha kuna sehemu mbili: kupakua pakiti na kuzisakinisha. Watu hufanya zote kwa pigo moja, mega zinaisha katikati, umeme unaondoka katikati. Zitenganishe. Ukishabadilisha vyanzo vya pakiti kwa kufuata maelekezo ya Q4OS wenyewe (vya Debian na vya Q4OS, vyote viwili), andika `sudo apt update`, kisha `sudo apt full-upgrade -d`. Hiyo `-d` inamaanisha pakua tu, usiguse kitu. Kabla ya kuanza, apt itakuandikia ni megabaiti ngapi itavuta na itakuuliza kama unakubali. Soma namba hiyo, ilinganishe na mega ulizonunua. Zikiisha njiani, nunua nyingine urudie amri, itaendelea pale ilipoachia.

Pakiti zinalala ndani ya `/var/cache/apt/archives`. Una kompyuta mbili au tatu za aina moja? Zinakili kwa flashi uzipeleke folda ileile kwenye nyingine, na mashine ya pili itavuta kidogo sana. Zinakili kabla ya kusakinisha, kwa sababu amri ya `apt` huzifuta ikishamaliza nazo. Kosa hilo nililifanya, nikalipia mega zilezile mara mbili.

Usakinishaji wenyewe ufanye umeme ukiwa umetulia, au laptop ikiwa na betri inayoshika kweli. Mwaka jana niliianza kazi hii kwenye kompyuta ya mezani Jumapili mchana, nikijiambia delestaji (kukatwa umeme kwa zamu) ya siku hiyo imeshapita. Haikuwa imepita. Skrini ikazima pakiti zikiwa nusu zimefunguliwa. Umeme uliporudi usiku, kompyuta ikawaka hadi kwenye skrini nyeusi yenye maandishi. Nikaandika `sudo dpkg --configure -a`, halafu `sudo apt --fix-broken install`, halafu nikarudia full-upgrade, na karibu na usiku wa manane menyu ya chini kushoto ikarudi. Ilipona. Lakini yale masaa mawili ya kutojua sitaki kuyarudia, na tangu siku hiyo kompyuta ya mezani siipandishi bila onduleri (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika) au grupu, yaani jenereta, linalonguruma nje.

*Kazi na printa.* Mafaili yanabaki, rangi na paneli zinabaki, kibodi ya Kifaransa ya AZERTY inabaki, printa kwa kawaida inabaki. Nasema kwa kawaida: programu ulizoziongeza kutoka vyanzo vya nje vya Debian na Q4OS zinaweza kuleta ubishi. Zizime kabla.

Kuna badiliko moja la Debian 13 ambalo wenye RAM ndogo walijue. Folda ya `/tmp` sasa inawekwa ndani ya RAM, na inaweza kuchukua hadi nusu yake. Kwenye mashine ya gigabaiti 1, ukiskani kitabu kizima na programu inayomwaga kurasa zake `/tmp`, utasikia kompyuta inakoroma. Unaweza kuirudisha kwenye diski: `sudo systemctl mask tmp.mount`, kisha uzime na kuwasha.

*Muda uliobaki.* Unapata maisha yote ya Debian 13. Na kwa wanaopenda kuona mbali, saa ya ndani ya mfumo wa biti 64 haitakwama tarehe 19 Januari 2038, siku ambayo mifumo ya biti 32 inaishiwa namba za kuhesabia sekunde.

*Inamfaa nani.* Mwenye mfumo wa biti 64 uliotulia, mwenye mipangilio mingi asiyotaka kuipanga upya, na mwenye umeme anaouamini kwa masaa machache.

Njia ya tatu: kufuta na kusakinisha 6 upya

*Prosesa.* Biti 64. Hii ndiyo njia ya yule mwenye prosesa ya 64 aliyewekewa mfumo wa 32. Kwake yeye ni njia pekee ninayoikubali ya kufika 6. Jua tu kwamba programu za biti 64 hula RAM zaidi kidogo. Core 2 Duo yenye gigabaiti 1, iongezee kipande cha RAM kwanza. Vya DDR2 vinapatikana kwa mafundi wanaochinja laptop zilizokufa.

*Umeme na mega.* Unapakua faili moja la ISO, lenye mfumo mzima ndani yake, popote penye intaneti nzuri, hata kwa rafiki. Flashi moja inahudumia kompyuta kumi. Usakinishaji hauhitaji mega, na umeme ukikatika katikati huna cha kulilia, unaanza tena. Kwa mji wetu, huo ni ubora mkubwa ambao makala za mbali hazitauandika.

*Kazi na printa.* Hapa ndipo gharama ilipo. Nakili `/home` yote kwenye diski ya nje kwanza, pamoja na mafaili yaliyofichwa. Folda iliyofichwa ya Trinity ndiyo yenye mipangilio ya dawati, na ukitaka paneli yako irudi ilivyokuwa, iko humo. Kisha fungua nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine uone kama kweli mafaili yanafunguka. Sitanii. Nakala ambayo hujaifungua huijui.

Printa za aina ya HP LaserJet 1020, zinazopenda sana maduka yetu, au tuseme maduka yetu yanayozipenda, haziwaki kichwani mpaka kompyuta izimiminie programu yake kila zinapowashwa. Kwenye mfumo mpya itabidi uweke HPLIP, programu ya printa za HP, na kiongezi chake kutoka intaneti. Fanya hivyo siku hiyohiyo, uchape ukurasa wa kujaribu, ndipo uondoke.

Mawili madogo ya kisakinishi. Chagua kibodi ya Kifaransa kabla ya kuandika neno la siri. Ukiacha ya Kimarekani kwenye kibodi ya AZERTY, ukibonyeza q itatokea a, na neno la siri utakalodhani umeliweka si lile lililoingia. Na saa za eneo chagua Lubumbashi. Ukichagua Kinshasa, saa yako itachelewa kwa lisaa limoja, na risiti zako zote pamoja nayo.

Hilo la saa linanikumbusha betri ndogo ya ubao mama. Ikiwa kompyuta kila ikiwashwa inarudi mwaka 2005, apt itakataa vyanzo vyake na kivinjari kitakataa tovuti, na wewe utailaumu Q4OS 6 bure. Badilisha ile betri ya CR2032 kwanza.

*Muda uliobaki.* Sawa na njia ya pili.

*Inamfaa nani.* Mwenye mfumo uliojaa takataka za miaka, mwenye mashine nyingi za kufanana, na aliyenunua mtumba ambao hajui umepitia mikono ya nani.

Kwa hali yako

Kama `lscpu` inasema biti 32 tu: baki kwenye 5, iache iandike na kuchapa, na mambo ya pesa na barua pepe yahamishie kwenye simu au mashine nyingine mapema, kabla kivinjari hakijakulazimisha.

Kama prosesa ni ya 64 na mfumo ni wa 32: njia ya tatu, na usiharakishe. Chagua wiki isiyo na foleni ya wanafunzi.

Kama vyote ni 64 na kompyuta ni laptop yenye betri nzima: pandisha palepale, pakua usiku, sakinisha mchana.

Kama vyote ni 64 lakini ni ya mezani na huna onduleri: mimi ningesakinisha upya, ingawa mwenzangu mmoja wa Kamalondo hupandisha palepale alfajiri siku zote na bado hajaumia. Umeme wa mtaa wako unaujua wewe.

Kama hujui aliyekusakinishia aliweka nini: washa flashi ya Q4OS 6 ya kujaribia bila kusakinisha, uone Wi-Fi, sauti na mwanga wa skrini vinakubali. Hilo halifuti chochote, na linachukua muda wa kunywa chai.

Yule mama wa duka? Mashine zake nne zimegawanyika. Kilaptop cha Atom kimebaki na 5, kinahesabu mauzo tu, hakina intaneti. Laptop mbili nimezipandisha palepale, ya pili kwa pakiti za ya kwanza. Ile ya mezani, Core 2 Duo iliyokuwa na mfumo wa biti 32, tumeifuta Jumamosi baada ya kufunga. Jumatatu asubuhi akanipigia simu, nikajua ni printa. Ilikuwa printa. Waya haukuwa umechomekwa.